Soketi ya Mama Mkwe

Philip Shikanga alipopata shahada ya uzamivu, majirani zake wa Navakholo walijua wamepata daktari. Wiki ya kwanza aliletewa mtoto mwenye kikohozi. Wiki ya pili akaletewa ng'ombe aliyekataa majani. Alipomweleza mwenye ng'ombe kwamba yeye ni daktari wa mitambo, yule mzee alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyedanganywa mjini, kisha akamwuliza kama basi anaweza kumtengenezea pampu ya kunyunyizia dawa. Philip akaitengeneza. Malipo yalikuwa mkungu wa ndizi, na ikumbukwe kwamba huo ndio uliokuwa mshahara wa kwanza wa udaktari wake.

Utafiti wake ulikuwa juu ya yale magurudumu makubwa ya chuma yanayokamua miwa viwandani. Aliyaunda ndani ya kompyuta kwa pande tatu, urefu, upana na kina, hivi kwamba ungeweza kuyageuza, kuyakata katikati kama nanasi na kuona yatapasukia wapi kabla hata chuma hakijayeyushwa. Kazi nzuri, na walimu wake waliisifu. Alipomaliza akagundua kwamba nchi ina magurudumu ya kutosha, na madaktari wa magurudumu wamezidi.

Akabaki kuokoteza vipindi vya kufundisha, leo chuo hiki, kesho kile, analipwa wakikumbuka. Mkewe Rachael, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeishikilia nyumba, na hakumsimanga hata siku moja, jambo ambalo lilimsumbua Philip kuliko masimango.

Ndipo lilipotoka tangazo la maabara ya viungo bandia mjini Kakamega. Walimtaka mtafiti mmoja wa baada ya uzamivu, mkataba wa miaka mitatu, wa kuunda kwa kompyuta maumbo ya pande tatu ya miguu na mikono iliyokatwa, ili watu watengenezewe viungo vinavyowakaa. Jirani mmoja aliomba aelezwe kazi yenyewe ni ya namna gani. Philip akamweleza: ukimaliza uzamivu, unaajiriwa kwa muda chini ya mtafiti mkubwa, unafanya utafiti, jina lako linajulikana, ndipo vyuo vinakufungulia mlango. Jirani akafikiri. Akauliza, kwa hiyo umemaliza kusoma, na sasa unatafuta kuajiriwa usome? Philip akasema ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia jirani. Kazi za namna hii hudai uzamivu usiwe umepita miaka mitano. Wake ulikuwa unaingia wa tano. Baada ya hapa, mlango huo ulikuwa unafungwa, na si kwa hasira ya mtu yeyote, ni utaratibu tu. Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuwa mtafiti, na yeye na Rachael walilijua hilo bila kulitamka.

Waombaji walikuwa wengi, wakachujwa wakabaki wawili, Philip na Daktari Cheptoo, mwanamke mwembamba wa upande wa Nandi, mcheshi, aliyevaa raba kila siku kana kwamba kuna mahali anakimbilia. Mkuu wa maabara, Daktari Jael, aliwaita ofisini akawaambia amechoka na watu wanaojua kujibu maswali. Safari hii hakutakuwa na maswali. Kila mmoja atapewa mgonjwa mmoja wa kliniki, atachukua umbo la mguu wake, atauundia soketi, kile kikombe ambacho kigutu kinaingia ndani yake, kisha printa ya maabara itaichapa, na mgonjwa ataivaa mbele ya watu. Ikimkaa, imemkaa.

Maurine, mtaalamu wa viungo bandia aliyeshughulikia wagonjwa wote wa pale, alikunja vikaratasi viwili akavitia ndani ya kikombe chake cha chai. Cheptoo akatoa cha Mzee Abdulfatah, mfanyabiashara mstaafu wa Matungu aliyepoteza mguu katika ajali. Philip akatoa cha pili, akakifungua, akasoma: Zipporah Musimbi, Navakholo.

Alikisoma tena. Zipporah Musimbi wa Navakholo alikuwa mmoja tu, na alikuwa mama mzazi wa Rachael.

Kwao, mkwe hampi mama mkwe mkono. Hakai naye meza moja. Haingii chumba anacholala. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wanasikiana vizuri: mwambie mkwe wangu mvua imenyesha huku, mwambie mama huku pia. Mguu wake, hata ungekuwa mzima na umevaa soksi, si kitu cha mkwe kukodolea macho. Na huu ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na kazi aliyopewa Philip ilikuwa kuujua mguu huo kuliko mwenyewe anavyoujua.

Daktari Jael aliuliza kama kuna mwenye swali. Huo ndio uliokuwa wakati. Philip alifungua mdomo, akamwona Cheptoo anaandika jambo kwa kasi na raba zake zimeelekea mlangoni, akaufunga.

Nyumbani, Rachael alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya maji. Akacheka akajifuta machozi, akamtazama mumewe, akaanza upya. Halafu akanyamaza ghafla, maana alimkumbuka mamake. Tangu akatwe, mama alikuwa mtu wa magongo, na mikono miwili ikishika magongo haibaki ya kushika mwiko. Mwanamke aliyekuwa akisonga obusuma, yaani ugali, wa watu ishirini kwenye mazishi sasa alikaa kwenye kiti akisubiri wajukuu wamletee sahani. Alikuwa akisema anataka kusimama jikoni kwake, basi. Mengine atayaachia Mungu.

"Baba Imani," Rachael alisema, "rudi huko uwaambie wakubadilishie mgonjwa."

Philip akamwambia hawezi. Atasema nini? Kwamba amesoma hadi mwisho wa kusoma, halafu ameshindwa na mama mkwe? Yule mwenzake ataendelea na mzee wake bila wasiwasi, na yeye ataonekana mshamba aliyevaa tai. Tena, alisema, sauti ikianza kupata matumaini, skana yenyewe haigusi mtu. Ni kidude kama pasi ya nguo, unakizungusha kando ya mguu, nacho kinachukua umbo. Rachael anaweza kukizungusha. Yeye Philip hatakuwa hata kwenye boma. Atakutana na namba tu.

Rachael alisema, "Haya," ila alimtazama kwa jicho lile ambalo walimu humtazamia mwanafunzi anayesema kitabu chake kimeliwa na mbuzi.

Philip akaileta skana nyumbani, akamfundisha mkewe jinsi ya kuiwasha na jinsi ya kuizungusha polepole, pande zote, bila kuruka mahali. Maagizo mengine yote aliyatoa vizuri. Lililobaki lilikuwa moja, kwamba mguu uwe wazi, ngozi tupu, pasiwe na kitu juu yake. Hilo lilimfika kwenye ulimi likakwama. Kumwambia mtu maneno kama hayo juu ya mamake, na wewe ndiye mkwe, hata kama mtu huyo ni mkeo, lilikuwa jambo zito. Akasema, "Mengine utayasoma kwenye boksi."

Kwenye boksi kulikuwa na picha na maandishi ya Kichina.

Rachael alikwenda Jumamosi, akarudi jioni na skana na kuku mmoja aliyetumwa na mama kwa mkwe wake, kwa sababu mambo ya heshima huwa hayapandi boda boda mikono mitupu. Mama amekubali, alisema. Picha imeingia. Philip hakuuliza zaidi. Kuuliza kungekuwa kuzungumzia mguu.

Kazi yenyewe aliifanya kwenye meza ya maabara, na kama ungepita nyuma yake ungedhani shingo inamuuma. Aliinamisha skrini. Alikaa upande. Faili aliipa jina Gurudumu, ili akilini ibaki kuwa chuma cha miwa. Umbo lilipojitokeza, la kijivu, likizunguka taratibu katikati ya skrini, alilitupia jicho kama mtu anayepita mlango wa bafu ulio wazi, akahamia haraka kwenye vipimo. Namba hazina aibu. Mzunguko hapa, mzunguko pale, kina hiki. Aliona kwamba kuna mikunjo midogo inayouzunguka mguu, mmoja juu ya mwingine. Ngozi ya mtu mzima, alijiambia, na papo hapo akajilaumu kwa kufikiri habari za ngozi ya mama. Programu ina kitufe cha kulainisha. Akakibonyeza. Mikunjo ikapotea, umbo likabaki laini kama chupa, naye akashusha pumzi.

Cheptoo, aliyekaa meza ya pili, alikuwa mtu wa tofauti. Alilikuza umbo la Mzee Abdulfatah mpaka likajaa skrini nzima, akalizungusha huku akiimba, akalisogelea kovu moja mpaka pua yake karibu iguse kioo. Alimpigia mzee simu mara kwa mara: hapa panauma? Na hapa? Siku moja alimwuliza Philip mgonjwa wake ni mtu wa namna gani. Philip akasema ni mama mmoja mpole. Cheptoo akasubiri aendelee. Philip akawa na shughuli kwenye kibodi.

Siku ya kujaribu, Daktari Jael alikuja na kikombe cha chai na miwani mbili, moja usoni, moja kichwani. Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye vyuma viwili vya kushikilia katikati, dirisha upande mmoja, na pazia la kijani kwenye kona ambako wagonjwa hubadilisha nguo. Mzee Abdulfatah alianza. Aliingia na kanzu safi na kofia, akatoa salamu kwa chumba kizima mpaka kila mtu akaitikia, akavalishwa soketi na mguu wake mpya, akasimama. Akatembea katikati ya vyuma, akafika mwisho, akageuka, akamwambia Cheptoo kwamba hapa kwenye paja pananing'ata kidogo, lakini hata mke wangu ananing'ata na nimekaa naye. Watu wakacheka. Maurine akapima, akasema imekaa.

Kisha akaletwa Mama Zipporah. Rachael alikuwa ameomba ruhusa shuleni aje naye. Mama alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na alipomwona Philip ng'ambo ya chumba aliyashusha macho, naye Philip akayashusha ya kwake, na wote wawili wakawa wanaitazama sakafu kana kwamba imeandikwa kitu. Rachael alikuwa amemwonya mamake asiseme lolote kuhusu ukwe. Mama hakuupenda mpango huo, lakini alikuwa na shida yake.

Maurine alipoanza kufunua mguu, Philip alikwenda nyuma ya pazia.

"Daktari Shikanga, mbona unajificha?" aliuliza Jael.

Alijibu kwamba anataka mgonjwa awe huru. Jibu lilipita, japo kwa shida, kama gari kubwa kwenye daraja la mbao. Akasimama kule nyuma akisikiliza. Alisikia mikanda ikifungwa. Alisikia Maurine akimwambia mama asimame pole pole, ashike vyuma. Kisha akasikia sauti ambayo hakuna mhandisi anayehitaji kuelezwa maana yake, kitu kigumu kikizunguka juu ya kitu kingine mahali ambapo hakikutakiwa kuzunguka.

Maurine aliongeza soksi moja ya kujazia. Akaongeza ya pili. Akaongeza nyingine. Soketi ikazidi kuzunguka, na mguu mpya wa mama ukaelekea dirishani wakati mwenyewe anaelekea mlangoni. Akarudishwa kwenye kiti.

Aliyesema wa kwanza ni Cheptoo, na alisema kwa wema, maana hakuwa mtu wa kumkanyaga aliyeanguka. Vigutu husinyaa, alisema. Mgonjwa wa sukari, mwaka wa kwanza baada ya kukatwa, mguu unaweza kupungua haraka sana. Huenda modeli ilikuwa sawa siku ilipochukuliwa, ila mguu ndio uliobadilika. Akageukia kwenye pazia akamwuliza Philip anaonaje.

Ilikuwa kamba nzuri, nene, imetupwa mahali pafaapo. Maneno yale ni ya kweli, yamo kwenye vitabu, na Daktari Jael mwenyewe alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole. Kosa halikuwa la mtu. Philip akaishika.

"Inawezekana," alisema.

Jael akasema basi hilo litaandikwa, na kwamba kazi ya mtu haiwezi kupimwa kwa mguu unaohama. Itabidi wawalinganishe watahiniwa kwa modeli zao kwenye skrini. Modeli ya Philip, alisema, ni safi sana. Na huyo alikuwa mtu wa kusifu mara moja kwa mwaka.

Hapo Maurine akasema kwamba kama mguu unasinyaa kwa kasi hiyo, basi mama lazima aondolewe kwenye orodha. Huwezi kuchapa soketi juu ya mguu usiotulia. Arudi hospitali, aangaliwe sukari, akae miezi kadhaa, pengine mwaka, mguu ukitulia ataanza upya kwenye foleni.

Mama alimwuliza Rachael kwa Kiluhya wanasema nini. Rachael akamweleza: wanasema mguu unapungua, hauwezi kupata kiungo sasa, ungoje. Nyuma ya pazia Philip alisubiri mama aseme kitu, alalamike, aulize. Mama alisema, "Haya." Akaanza kuufunga mguu wake.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lilikuwa haya ya mtu aliyekwisha kuzoea kuambiwa angoje.

Philip alimjua mkewe vya kutosha kujua anatazama wapi.

Akauliza kutoka nyuma ya pazia, akimwuliza Maurine, kama alipotia kidole ndani ya soketi, nafasi ilikuwa upande gani. Maurine akasema pande zote, mbele, nyuma, pembeni, sawasawa, kidole kinazunguka kama kwenye sufuria. Mbele pia? Mbele pia.

Philip akatoka nyuma ya pazia. Alitembea ukutani mpaka dirishani, akasimama akiwapa mgongo wote, akizungumza na maegesho ya magari.

"Haujasinyaa," alisema.

Jael aliuliza amejuaje, naye hajautazama.

"Mbele ya muundi ni mfupa. Nyama husinyaa, mfupa hausinyai. Ungekuwa umesinyaa, nyuma pangelegea na mbele pangebana. Hii soketi imezidi pande zote kwa kiasi kimoja. Modeli yangu ilichukuliwa juu ya nguo. Rachael, mwulize mama, siku ile alivaa nini."

Mama alikuwa hatua chache tu nyuma yake na masikio yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alingoja mpaka Rachael amgeukie na kumwuliza, akakaa sawa kwenye kiti, akamjibu Rachael.

"Mwambie mkwe wangu nilijifunga leso. Niliikunja mara mbili, nikaikaza vizuri. Uliniambia hiyo picha inakwenda kwake. Sasa mimi ningeenda kwake uchi?"

Cheptoo alimtazama mama, akautazama mgongo wa Philip, na polepole uso wake ukaanza kuelewa kila kitu, kuanzia shingo iliyopinda mpaka mama mmoja mpole. Jael alivua miwani, akaisahau mkononi, akavuta ile ya kichwani.

"Huyu ni mama mkwe wako," alisema. Hakuwa anauliza.

Philip akayasema yote, bado akilitazama dirisha. Kwamba alimtuma mkewe na skana na akashindwa kumwambia mguu uwe wazi. Kwamba ile mikunjo aliiona, ilikuwa mikunjo ya leso, na mtu yeyote aliyeitazama mara moja kwa makini angejua ni nguo. Yeye aliilainisha. Modeli ilikuwa safi kwa sababu aliyeiunda alikuwa anatazama kando.

"Kwa nini hukusema siku ile ya vikaratasi?"

"Niliogopa mtaniona mshamba. Na niliitaka kazi."

"Mimi nina wakwe wawili," alisema Jael. "Mmoja wao hunisalimianga akiwa ng'ambo ya ua, na mvua ikinyesha anasimama hapo hapo analowa. Ungeniambia, ningekuelewa kabla hujamaliza sentensi. Tungebadilisha vikaratasi, tukanywa chai."

Hilo lilimwingia Philip vibaya kuliko kama angekaripiwa.

Kisha Jael akafanya kazi yake. Mama Zipporah abaki kwenye orodha. Mguu wake uko sawa. Nafasi ya utafiti ni ya Daktari Cheptoo. Alilisema bila kuzunguka. Daktari Shikanga amesoma kosa lake akiwa amegeuka upande wa pili, jambo ambalo watu wengi hawawezi hata wakiwa wamelikodolea macho. Lakini maabara inaunda vitu kutokana na kinachoonekana, na mtu asiyeangalia, hata akiwa haangalii kwa heshima, siku moja atamwangusha mgonjwa. Philip alisema anaelewa. Na kwa kweli alielewa, ndiyo maana iliuma.

Cheptoo akaenda kumshikia mama magongo.

Maurine aliuliza soketi mpya ya mama itaundwa na nani. Jael akajibu kwamba aliyeianza ataimaliza, hata kama halipwi, hilo ni deni la heshima. Safari hii umbo litachukuliwa na Maurine, hapa hapa, ngozi tupu, na Philip hatakuwa chumbani. Lakini ataliangalia kwenye kompyuta, lote, kila mkunjo.

Philip akaliambia dirisha kwamba hilo hawezi kulifanya bila ruhusa. Rachael akamgeukia mamake na kumwuliza.

Mama akalivuta gauni likafunika mguu wake. Hakuna aliyemharakisha, hata Jael ambaye chai yake ilikuwa imepoa.

"Mwulize," alisema mwishowe, "huko kwenye kompyuta, akilikata hilo umbo na kisu chake cha huko, mimi nitasikia?"

"Mwambie hapana," alisema Philip.

"Akilifinya?"

"Mwambie hatasikia chochote."

"Basi huo si mguu wangu. Mguu wangu ninao hapa, na huu hatauona. Hizo nyingine ni hesabu zake. Mwambie aziangalie mpaka ashibe."

Akaziangalia. Safari hii alikaa mbele ya skrini wima, akalikuza umbo mpaka likajaa, akalizungusha. Siku ya kwanza masikio yalimwaka moto. Ya pili aligundua kwamba kuna sehemu ndogo, upande wa ndani chini ya goti, ambako ngozi imetuna na kuwa sugu kwa kukalia kiti vibaya, na kwamba soketi yoyote iliyonyooka ingemchubua mama hapo ndani ya wiki moja. Akaipanua hapo kidogo tu. Akamwita Cheptoo aje aone. Cheptoo alisogeza pua yake kwenye kioo, akasema yeye asingepaona, na Philip alijua anasema kweli kwa sababu hakuwa mtu wa kubembeleza.

Soketi ya pili ilimkaa. Maurine alimpigia Philip simu kumwambia, maana hakuwapo. Alikuwa chuo kimoja cha ufundi kule Mumias, ambako walimpa kazi ya kudumu ya kufundisha uchoraji wa mitambo. Barua ya kazi haikuwa na neno utafiti mahali popote. Aliisoma mara kadhaa, akaikunja, akaanza muhula. Wanafunzi wake walimwona ni mwalimu mgumu. Mtu akileta mchoro safi kupita kiasi, alimrudisha akaangalie tena.

Mwishoni mwa mwezi Rachael alimtuma apeleke unga kwa mamake. Philip alifika kwenye uzio, akausimamisha mfuko langoni, akapaza sauti kumsalimia yeyote aliye ndani. Aliyekuwa jikoni alikuwa mama peke yake. Hapakuwa na mtu wa tatu. Hili halikuwa limewahi kutokea, na wote wawili, kila mmoja upande wake, walitulia wakitafuta njia.

Kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti wa mpera. Mama akasimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, mkono wa pili hauna kitu. Philip akageuka akayatazama mahindi.

"Wewe mbuzi," alisema mama, "mwambie mkwe wangu inanibana kidogo hapa nyuma, nikisimama kwa muda mrefu."

"Mwulize mama ni upande wa kulia au wa kushoto," Philip aliyaambia mahindi.

Mama akahamisha uzito, akapima, akahamisha tena. Philip alisikiliza hatua zake kwenye sakafu ya udongo, moja nzito, moja nyepesi, zote zikielekea upande mmoja.

"Kushoto," alisema mama.

Philip akatoa simu, akaandika: nyuma, kushoto, wakati wa kusimama kwa muda mrefu. Akaagana na mbuzi, akachukua boda boda kwenda mjini, kwa sababu maabara hufungwa saa kumi na moja na ilikuwa inakaribia saa tisa.